Uvimbe haujui msimu wa kahawa

Leo tunaongea habari za ziwa. Naona mwenzangu wa Mbamba Bay keshatabasamu, anadhani naanza kuusifia ule mchanga na mbasa wa kuchoma. Hapana mwaya. Nasema ziwa lile lililo kifuani mwako, lile ambalo hata mkiwa wanawake watupu chumbani mnaliita "kifua", "huku juu" na majina mengine ya kukwepakwepa.

Na kukwepa huko kuna hasara yake. Ukimwambia jirani kwamba mama anaumwa kifua, atakuuliza kama anakohoa, na kesho atakuletea tangawizi na asali. Hatakuuliza kama mama amepimwa saratani ya matiti, kwa sababu hujamwambia ugonjwa, umemwambia fumbo. Basi leo titi tuliite titi. Akina kaka nanyi msiruke ukurasa, mna sehemu yenu humu ndani.

Maswali ninayoyajibu ni yale yale ambayo huwa yanaibuka wanawake wakishakaa pamoja, iwe ni saluni Mbinga mjini, iwe ni wakati wa kuanika usipa kule Liuli.

Linaloongoza ni la sidiria. Ati ni kweli ukiweka hela na simu ndani ya sidiria unapata saratani? Jamani! Ingekuwa hivyo mama zetu wa sokoni wangekuwa wamekwisha wote, maana benki yao ni hiyo hiyo tangu enzi za shilingi ya Mwalimu. Hakuna ushahidi wa kitaalamu kwamba noti, sarafu au simu inaleta saratani ya matiti. Noti chafu itakupa vipele na muwasho, basi. Sidiria ya kubana, sidiria ya waya, sidiria nyeusi, manukato ya kwapani, jibu ni hilo hilo. Ukitaka kuitoa simu humo kwa sababu inakuunguza, itoe, ila usijidanganye kwamba umeshajikinga.

Linalofuata ni la kugongwa. Mtoto alimpiga kichwa wakati wa kunyonya, au alijigonga na mpini wa jembe akilima ngoro, na baadaye ukaonekana uvimbe. Kugongwa hakuzai saratani. Kinachotokea ni kwamba ukigongwa unajishika, na ukijishika ndipo unakutana na kitu ambacho huenda kilikuwepo siku nyingi. Saratani ni chembe za mwili wako mwenyewe zilizoacha utaratibu, zikawa zinazaana ovyo bila kujua pa kusimama. Shangazi mwenye kijicho hausiki. Wala huambukizwi kwa kulala kitanda kimoja na mgonjwa.

Je, ni ya ukoo? Mara chache. Katika kila wagonjwa 100, ni kama 5 hadi 10 tu ambao wamerithi hitilafu inayoeleweka. Kama mama, dada au mama mdogo aliugua, hasa akiwa bado kijana, mwambie daktari mapema. Lakini yule anayejipa moyo kwamba "kwetu hakuna" ajue wengi wanaougua hawakuwa na mtu kwao. Umri mkubwa unaongeza uwezekano, unene baada ya kukoma hedhi unaongeza, na pombe inaongeza, iwe bia ya chupa iwe ulanzi. Kunyonyesha kunapunguza, ingawa hakufuti. Wapo walionyonyesha watoto 6 na bado wakaugua.

Sasa kuna swali moja ambalo sitanii nalo: "Mbona hauumi?"

Hilo ndilo linalotumaliza. Tumezoea kwamba ugonjwa unapiga hodi kwa maumivu. Jino linauma, malaria inatetemesha. Uvimbe wa saratani kwenye titi mara nyingi mwanzoni hauumi hata kidogo. Unakaa pale mgumu kama kokwa la embe, kimya, na wewe unalima, unacheza muziki, unaolewa. Usisubiri uchungu. Angalia haya: uvimbe mpya kwenye titi au kwapani, titi moja kubadilika umbo, ngozi kubonyea au kuwa na vitundu kama ganda la chungwa, chuchu iliyokuwa nje kuingia ndani, chuchu kutoa damu, au ukurutu na kidonda cha chuchu kisichopona. Na wewe unayenyonyesha, jipu la ziwa lipo kweli na linatibika, lakini wekundu na uvimbe usiosikia dawa ulizoandikiwa usiendelee kuitwa jipu. Rudi hospitali useme haujapona.

Kabla dada wa miaka 20 hajazimia hapo alipo, nimpe na upande wa pili. Uvimbe mwingi wa matiti si saratani. Kwa wasichana ni kawaida kukuta kidonge kinachoteleza ukikigusa, wenyewe wanatania kwamba ni panya, na hicho mara nyingi hakina ubaya. Matiti mengine hujaa mabonge siku za hedhi zikikaribia, halafu yanatulia. Tatizo ni kwamba kidole chako hakina darubini. Wala cha shoga yako hakina. Wala cha mganga. Anayejua ni anayepima.

Basi nifike pale panaponiuma mimi. Nenda Maguu, nenda Kigonsera, uliza kwa nini fulani alichelewa kwenda hospitali. Jibu mojawapo utakalokutana nalo ni hili: "Nilisema nikiuza kahawa nitakwenda."

Tusilicheke. Mtu wa Mbinga hesabu zake zote ziko kwenye kahawa: ada, bati, mahari, deni la mbolea. Kahawa inachumwa kuanzia katikati ya mwaka, inamenywa, inaanikwa, inapelekwa chama cha msingi, halafu inaanza kazi ya kungoja malipo. Sasa aliyegusa uvimbe mwezi wa kumi na mbili, matunda yakiwa bado mabichi mtini, kashajipangia kukaa zaidi ya nusu mwaka. Malipo yakija, kumbe mtoto kafaulu kwenda sekondari. Titi linaambiwa lingoje msimu ujao. Kule ufukweni ni hivyo hivyo, ila wao kalenda yao ni usipa: ngoja giza la mwezi huu lipite, ngoja wavuvi walipe. Na ukijumlisha wiki tatu za mizizi ya babu na wiki nyingine za maombi, mwaka umekatika.

Simsemi vibaya anayeomba. Aombe. Lakini aombee ndani ya basi, akiwa njiani kwenda kupimwa.

Tathmini ya huduma za matiti nchini iliyotolewa mwaka 2017 ilieleza kwamba takriban wanawake 8 kati ya 10 waliogundulika na saratani hii walikuwa tayari katika hatua ya tatu au ya nne. Tafsiri yake ni hii: hatua ya kwanza uvimbe ni mdogo na uko ndani ya titi tu. Ya tatu umekuwa mkubwa, au umeshika ngozi, au umeteka tezi nyingi za kwapani. Ya nne umeshahamia mbali, kwenye mifupa, ini, mapafu au ubongo. Wa mwanzo ana nafasi kubwa ya kupona kabisa. Wa hatua ya nne anatibiwa ili apate muda na apungukiwe maumivu. Halafu angalia ile hesabu ya kahawa ilivyogeuka: aliyengoja ili apate pesa ndiye anayekuja kuhitaji pesa nyingi zaidi, mpaka shamba lenyewe la mibuni linawekwa rehani.

Kosa lingine ni kuianza safari ya Dar es Salaam kichwani. Mtu akigusa uvimbe anaiona Ocean Road palepale, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Mbinga, anapiga hesabu ya nauli, ya pa kulala, ya nani atabaki na watoto, anakata tamaa kabla hajatoka uani. Tulia. Hatua ya kwanza ni nauli ya bodaboda. Nenda zahanati au kituo cha afya, mwambie muuguzi "nina uvimbe kwenye titi, naomba unipime", na umwambie hivyo hivyo bila kuanza na kichwa kuuma. Akiona kuna jambo atakuandikia kwenda hospitali. Mbinga mjini ipo ya serikali, milimani Litembo ipo ya Jimbo Katoliki, ziwani Liuli ipo ya Waanglikana, na upande wa Songea ipo ya mkoa pamoja na Peramiho ya Wabenediktini. Hospitalini utapigwa ultrasaundi, kisha kama kuna shaka utachukuliwa kinyama kidogo kwa sindano kikapimwe maabara.

Hapa ndipo maneno ya mtaani yanapoanza: ukichomwa sindano umeuchokoza, utasambaa. Si kweli. Kuchukua kinyama hakusambazi saratani, na bila kinyama hakuna daktari anayeweza kukuambia una nini na unahitaji dawa gani. Ila majibu yanaweza kuchukua wiki kadhaa, na wengine wanapotelea hapo. Karatasi imefika, mwenyewe hayupo, na namba ya simu aliyoiacha ni ya shemeji ambaye keshabadilisha laini. Acha namba mbili. Uliza tarehe ya kurudi, na urudi hata kama unajisikia mzima.

Wale watakaokutwa nayo ndio wataandikiwa rufaa, na wanaohitaji mionzi wengi wataelekezwa huko Ocean Road. Jengo lile la ufukweni Wajerumani walilifungua mwaka 1897, na mwaka 1996 ikawa taasisi ya saratani inayojitegemea. Ukifika na hali yako ni duni, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii kabla hujaanza kuuza mbuzi. Watu wanaona haya kuuliza, na haya hiyo hailipi dawa.

Je, lazima nikatwe titi? Si lazima kwa kila mtu. Uvimbe mdogo unaweza kutolewa wenyewe, titi likabaki, kisha likapigwa mionzi. Ukiwa mkubwa, kuliondoa lote ndiko kunaweza kukuokoa. Wengine hupewa dawa za dripu kabla au baada ya upasuaji. Nywele zinanyonyoka, na zinaota tena. Wale ambao saratani yao inalishwa na homoni wanapewa vidonge kama tamoksifeni, kimoja kila siku kwa miaka 5 au zaidi, na hivyo haviachwi kwa sababu eti umeshanenepa. Kama bado unataka kuzaa, sema kabla matibabu hayajaanza, maana baadhi ya dawa hugusa uzazi.

Kaka, sehemu yako ni hii. Kwanza, na wewe una titi. Katika wagonjwa 100 wa saratani hii, hadi 1 ni mwanaume, na kwa kuwa hategemei, anachelewa kuliko sisi. Pili, hofu kubwa ya dada zetu si kisu. Ni wewe. Anauficha uvimbe kwa sababu anajiuliza utamtazamaje akirudi na upande mmoja. Ukimwambia leo, kabla hajaugua, kwamba hukumwoa kwa ajili ya kifua, utakuwa umempunguzia miezi ya kuficha. Na ile desturi ya mke kungoja ruhusa ya baba ili aende kupimwa, baba itoe ruhusa hiyo mapema, ya kudumu, isiwe inaombwa.

Kuhusu kujikagua: jizoeze matiti yako mwenyewe, ujue yakoje siku za kawaida, ili likiingia jambo geni ulijue. Wakati mzuri ni siku chache baada ya hedhi kwisha, ukiwa unaoga, kwa vidole bapa, mpaka kwapani. Aliyekoma hedhi achague tarehe moja ya mwezi. Mamografia si ya wasichana, kwa vile matiti yao yamekaza na picha haionyeshi vizuri. Wao ultrasaundi inawafaa zaidi. MEWATA, chama cha madaktari wanawake, tangu mwaka 2005 kimekuwa kikiendesha kampeni za uchunguzi wa matiti mikoani. Siku kama hizo zikitangazwa nendeni, hata kama ni kwa ushabiki.

Na wewe uliyeko Sinza au Songea mjini, mama yuko Lituhi. Ukipiga simu leo usimwulize "mama hujambo", maana atasema sijambo hata akiwa amefungwa kitambaa kifuani. Mwulize: "Mama, matiti yako yakoje? Kuna uvimbe, kuna kidonda?" Atashtuka, atakukemea, atakuuliza umejifunza wapi adabu hizo. Ngoja amalize kukemea. Halafu umwulize mara ya pili, na kama akinyamaza, mtumie nauli jioni hiyo hiyo.