Rusizi: Bolti ya bei nafuu, injini ya bei ghali

RUSIZI, Rwanda – Mwenye Land Cruiser ya zamani akifungua injini yake Kamembe au ng'ambo ya mto, Bukavu, huuliza kwanza bei ya pistoni, ringi na gasketi. Bolti huachwa mwisho. Kwa vile ni kitu kidogo, hununuliwa popote zinapopatikana, na mara nyingi zile za zamani hurudishwa zilivyo.

Kiuchumi, huo ni uamuzi wa hatari. Bolti za silinda hedi, za konrodi na za krenki ndizo zinazoishika injini pamoja. Zikilegea au zikikatika, pistoni mpya, gasketi mpya na ujira wa fundi vyote hupotea kwa siku moja.

Mazingira ya hapa yanaongeza uzito wa jambo hili. Bukavu iko kandokando ya Ziwa Kivu, takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, wakati Kamanyola na Bugarama ziko bondeni, chini yake kwa karibu mita 500. Gari lililojaza abiria na mizigo likipanda mlima huo huchemsha injini, na hedi huvuta bolti kwa nguvu zaidi kuliko kwenye barabara tambarare. Bolti dhaifu hujulikana hapo, katikati ya mlima, abiria wakiwa ndani.

Safari ndefu, habari fupi

Vipuri vinavyouzwa Rusizi hutoka mbali. Vingine hushuka bandari ya Dar es Salaam na kuingia Rwanda kupitia Rusumo. Vingine hushuka Mombasa na kupita Uganda. Njiani kuna masoko makubwa ya spea: Gerezani kule Kariakoo, Kirinyaga Road jijini Nairobi, Kisekka mjini Kampala na Gatsata jijini Kigali. Kutoka Kigali mzigo huvuka msitu wa Nyungwe hadi Kamembe, na sehemu yake hupita vituo vya Rusizi ya Kwanza na ya Pili kwenda Bukavu.

Katika kila kituo cha safari hiyo pakiti hufunguliwa na bolti kugawanywa rejareja. Zinapofika kwenye meza ya muuzaji wa mwisho, jina la kiwanda limeshabaki nyuma pamoja na boksi. Mnunuzi huona chuma na bei tu.

Mwanauchumi George Akerlof wa Marekani aliieleza hali hii mwaka 1970 kwa mfano wa magari yaliyotumika: muuzaji anapojua zaidi ya mnunuzi, mnunuzi hukataa kulipa bei ya bidhaa nzuri, na mwenye bidhaa nzuri huondoka sokoni. Hapa kwetu hali ni ngumu zaidi, kwa sababu mara nyingi hata muuzaji hajui anachouza.

Wala si tatizo la nchi maskini peke yake. Katika miaka ya 1980 Marekani iligundua bolti nyingi kutoka nje zilizokuwa na alama za daraja la juu lakini zikiwa za chuma cha aina nyingine, kinachopoteza nguvu kwenye joto kali. Bunge lao lilipitisha sheria ya ubora wa bolti mwaka 1990.

Kusoma kichwa cha bolti

Bolti ya milimita yenye sifa huwa na mambo mawili kichwani: namba ya daraja na alama ya kiwanda. Namba ya kwanza ukiizidisha kwa 100 unapata nguvu ya kuvutwa kwa megapaskali, na namba ya pili inaonyesha ni sehemu gani ya nguvu hiyo bolti huvumilia kabla ya kuvutika moja kwa moja. Hivyo 8.8 ina nguvu ya 800 na huanza kuvutika kwenye 640, 10.9 ni 1,000 na 900. Namba bila alama ya kiwanda itiliwe shaka, maana hakuna anayewajibika nayo.

Zinazong'aa nazo zina mtego. Bolti ya chuma kisichoshika kutu yenye alama A2-70 ina nguvu ya 700 tu na huanza kuvutika kwenye 450. Ni dhaifu kuliko 8.8 ya kawaida, ingawa inapendeza zaidi machoni.

Mtego mwingine ni meno. Bolti nyingi za M10 katika magari ya Kijapani zina nafasi ya milimita 1.25 kati ya jino na jino, wakati M10 ya kawaida ya dukani ina 1.5. Ukiilazimisha, unaharibu tundu la bloku. Land Rover za zamani zina vipimo vya inchi, na bolti ya 5/16 inakaribia sana M8 kwa unene, lakini meno hayalingani.

Bolti iliyotumika ipimwe urefu na wenzake, kisha nati izungushwe kwa vidole hadi mwisho wa meno. Ikikwama njiani, bolti imevutika na haifai. Injini nyingi za miaka ya karibuni hutumia bolti zilizokusudiwa kuvutika zinapokazwa. Pale kitabu cha injini kinaposema zisirudiwe, zisirudiwe. Na bolti iliyokerezwa mtaani kutoka nondo ya kawaida isiwekwe kwenye konrodi hata kwa muda, kwani haijapikwa wala kupozwa kama inavyofanywa kiwandani.

Hesabu yenyewe

Tuchukue mfano. Seti ya bolti zisizo na alama iwe faranga 20,000, na seti yenye ushahidi wa kiwanda iwe 80,000. Kurudia kazi ya hedi, pamoja na gasketi, ujira na siku ambazo gari halikuingiza kitu, iwe 400,000. Tofauti ya bei ni 60,000. Ikiwa zile za rahisi huongeza uwezekano wa kurudia kazi kwa zaidi ya mara 15 katika 100, basi zile za ghali ndizo nafuu. Hapo hatujahesabu maisha ya watu.

Kwa hiyo mwenye fedha kidogo apange pa kubana. Bolti za kifuniko cha juu na za sampu ya mafuta zinaweza kuwa za kawaida. Za hedi, konrodi, krenki na flaiwili zisibanwe.

Nani aanze?

Kisheria msingi upo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina sheria ya viwango ya mwaka 2006, Rwanda ilijiunga na Jumuiya mwaka 2007 na Kongo mwaka 2022. Rwanda ina shirika la viwango, RSB, na mamlaka ya ukaguzi, RICA. Kongo ina OCC. Lakini kuisubiri serikali ipime kila bolti inayovuka mpaka kwenye kikapu cha mchuuzi ni kujidanganya. Zaidi ya hapo, M23 walipoingia Bukavu Februari 2025, benki za mji zilifungwa, na biashara ya fedha taslimu isiyo na stakabadhi ikazidi kupata nafasi.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, hatua ya kwanza iko kwa muuzaji wa jumla: auze seti katika pakiti isiyofunguliwa. Ya pili iko kwa muuzaji wa Kamembe: aandike kwenye stakabadhi kipimo, daraja na kiwanda. Ya tatu iko kwa gereji: inunue spana ya kipimo na kipimia meno, vifaa ambavyo gharama yake hurudi kwa kuepuka injini chache tu za kurudiwa.

Muuzaji atakayekubali kuandika hivyo ataweza kudai bei ya juu, na wateja wa pande zote mbili za mto watakuwa na sababu ya kuilipa. Je, nani Rusizi atakuwa wa kwanza?