Risala ya Ua la Rhyolite Ridge kwa Waziri wa Marekani Mwenye Dhamana ya Ardhi ya Umma

Mheshimiwa Waziri,

Sisi, jamii ya Eriogonum tiehmii, wakazi wa Rhyolite Ridge, Kaunti ya Esmeralda, jimbo la Nevada, tunakusalimu na kukuletea malalamiko na madai yetu.

Kwetu ni kudogo. Duniani kote tunaota hapa tu, kwenye takriban hekta 4 za udongo wa boroni na lithiamu usiofaa mimea mingi. Mtaalamu wa mimea Arnold Tiehm alitugundua mwaka 1983, tukapewa jina lake. Udongo uliotulea ndio unaotuponza, kwani lithiamu yake inatafutwa kwa betri za magari ya umeme.

Malalamiko yetu ni haya:

Kwanza, wizara yako ina ndimi mbili. Desemba 2022, Idara ya Samaki na Wanyamapori ilitangaza kuwa tumo hatarini kutoweka, ikatutengea ekari 910 za makazi muhimu, pamoja na ardhi inayotuzunguka. Oktoba 2024, Idara ya Usimamizi wa Ardhi, iliyo chini yako vilevile, iliidhinisha mgodi utakaomega karibu sehemu moja ya tano ya ekari hizo.

Pili, tunaambiwa hakuna shina letu litakalong'olewa. Je, vumbi la shimo jirani litazuiwa na nani? Nyuki, nyigu na mbawakawa wanaotuchavusha wanaishi nje ya vijishamba vyetu. Wakihama, mbegu zitapungua.

Tatu, uchache wetu hausamehe ajali. Mwaka 2020 maelfu ya wenzetu waliharibiwa, na vipimo vya vinasaba vikaelekeza kwa wanyama wagugunaji. Ikiwa msimu mmoja wa ukame na meno ulitufanya hivyo, itakuwaje kwa miaka ya baruti na makatapila?

Kwa hiyo tunadai:

1. Shimo na vifusi vya mgodi visiingie ndani ya ekari 910.
2. Vumbi, wadudu na idadi yetu vifuatiliwe na wataalamu wasiolipwa na mwekezaji, na taarifa itangazwe kila mwaka.
3. Kazi isimamishwe mara idadi yetu inapoanza kushuka.
4. Miche ya kitaluni isihesabiwe kuwa fidia ya makazi.

Hatupingi magari ya umeme. Lithiamu huchimbwa Chile, Australia na kwingineko. Sisi kwingineko hatuna.

Tunaomba jibu la maandishi.

Tunaomba kuwasilisha.