Sisi si reindia wa kisiwani

Vijana wenzetu, kuna maneno yameingia kambini na yanatembea haraka kuliko uvumi wa kwenda Marekani: "Ardhi imezidiwa uwezo wake wa kubeba." Tunaambiwa kwenye semina za mazingira, tunaambiwa tena tukiuliza habari ya kuni. Halafu wanaongeza: shida yenu mnazaa sana.

Neno hilo ni la ikolojia, hatukatai. Ila tunafundishwa nusu yake.

Mfano wanaoupenda ni kisiwa cha St. Matthew, kule Alaska. Mwaka 1944 Wamarekani walipeleka huko reindia 29, wanyama wa nchi za baridi wenye pembe kama matawi. Hapakuwa na mnyama wa kuwawinda. Kufika 1963 walikuwa kama 6,000. Wakamaliza chakula chao cha majira ya baridi, ile mimea inayotambaa chini na kuchukua miaka mingi kuota tena. Baridi kali ikaja. Mwaka 1966 walihesabiwa 42 tu. Hapo mtoa semina anatuangalia usoni: mmeona?

Tumeona, tena tumeona bahari pande zote. Idadi ya viumbe mahali fulani inabadilishwa na mambo manne: wanaozaliwa, wanaokufa, wanaoingia na wanaotoka. Sasa mbona semina inahesabu wanaozaliwa na wanaoingia, ikifika kwa wanaotoka inanyamaza? Hapa Tanzania mkimbizi haruhusiwi kwenda zaidi ya kilomita 4 kutoka kambini bila kibali. Nyarugusu ipo tangu 1996. Bahari yetu sisi imechorwa kwenye karatasi. Na huo msongamano wanaousema ni hesabu ya kugawanya tu, watu kwa eneo. Ukibana eneo, msongamano unapanda hata kama hajazaliwa mtoto hata mmoja.

Na kuni? Miti imekatwa, ni kweli, na wanakijiji wana haki ya kukasirika, tusidanganyane. Lakini uwezo wa ardhi hauhesabiwi kwa vichwa peke yake. Unahesabu pia kila kichwa kinatumia nini. Reindia hapiki anachokula. Sisi tunapewa maharage makavu, yanachemka masaa na masaa juu ya mafiga matatu, halafu tunaulizwa kwa nini kuni zinaisha! Leteni jiko banifu kila nyumba, au gesi. Watu watakuwa walewale, na miti itakayokatwa itapungua.

Kuna lingine linatuuma zaidi. Kwenye ikolojia, kundi ndilo lina kiwango cha uzazi. Kiumbe mmoja hana kiwango, anazaliwa siku moja na kufa siku moja. Wao wanachukua hesabu ya kundi wanamvisha mama mmoja aliyesimama foleni ya maji, eti yeye ndiye kamaliza msitu. Huyo ana watoto wanne, jirani yake ana mmoja, dada wa nyumba ya tatu hana kabisa. Hakuna kati yao aliyeulizwa kambi iwe na ukubwa gani.

Kwa hiyo semina ijayo tukae viti vya mbele. Akianza kuandika idadi ubaoni, tumwombe kwa adabu aandike zote nne, na chini yake aandike eneo, na nani alilipima. Chaki tutaleta wenyewe.