Kijiji cha Mbali ni Mbali na Nani?

Wahenga walisema kuwa usilolijua ni kama usiku wa giza. Niliikumbuka kauli hiyo muhula uliopita, pale mwenzetu mmoja alipotuonyesha bwenini picha ya kijiji kilichoko katika nyanda za juu za Papua, mashariki kabisa mwa Indonesia. Pichani palikuwa na nyumba za msonge zilizoezekwa kwa nyasi, nguruwe wawili, mama aliyembeba mtoto katika mfuko wa kufumwa, na nyuma yao milima iliyofunikwa na mawingu. "Hawa bado wamo katika zama za mawe," akasema mmoja wetu. Tukaangua kicheko, nami nikiwamo. Kicheko hicho ndicho kilichonisukuma kuandika makala haya, kwa kuwa baada ya kusoma zaidi kuhusu watu wale, nimetambua kwamba aliyekuwa gizani ni mimi.

Maoni yangu ni haya: kijiji cha Papua hakikusahauliwa na wakati, wala hakikufichwa na milima. Umbali wake ni zao la maamuzi ya binadamu kuhusu nani anastahili kufikiwa, na kwa sababu gani. Madhali umbali huo uliletwa na maamuzi, maamuzi yanaweza pia kuuondoa.

Hebu tuanze na maisha yenyewe. Katika bonde la Baliem na milima inayolizunguka, wanakoishi Wadani, Walani, Wayali na jamii nyinginezo, familia nyingi hulala katika nyumba ya mviringo iitwayo honai. Mlango wake ni mfupi, haina madirisha, na katikati huwaka moto. Bonde hilo liko mita zipatazo 1,600 juu ya usawa wa bahari, na vijiji vingi viko juu zaidi. Baridi ya usiku huko si ya kufanyiwa mzaha. Kwa hiyo honai si dalili ya ushamba, bali ni jibu la busara kwa baridi hiyo. Hata hivyo, moshi wa moto ule ule unaowapa joto ndio unaoyadhuru mapafu yao, hasa ya watoto wachanga na mama zao. Anayeyasifu maisha hayo kuwa ni "ya asili" bila kuutaja moshi huo hawatendei haki kuliko yule anayewacheka.

Chakula chao kikuu ni viazi vitamu, ambavyo wanawake huvipanda kwenye matuta yaliyotenganishwa kwa mifereji ya kuondolea maji. Kunapokuwa na sherehe au matanga, nguruwe huchinjwa na nyama yake huivishwa pamoja na viazi na mboga ndani ya shimo, kwa mawe yaliyochomwa hadi yakapata moto mkali. Ule mfuko tuliouona pichani huitwa noken. Hufumwa kwa nyuzi za miti, hubebwa kwa utepe unaopita kichwani, na ndani yake huwekwa viazi, kuni, hata mtoto. Mwaka wa 2012 shirika la UNESCO liliuingiza ufundi huo katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Je, msomaji mwenzangu, hukumbuki nyanya aliyekibeba kiondo chake kwa namna iyo hiyo?

Isitoshe, watu wa kisiwa hicho ni miongoni mwa wakulima wa kale zaidi duniani. Katika nchi jirani ya Papua New Guinea, ambayo ni nusu ya mashariki ya kisiwa hicho, kuna mahali paitwapo Kuk. Wataalamu wamefukua hapo mabaki yanayothibitisha kuwa watu walilima kwa angalau miaka 7,000, na mwaka wa 2008 mahali hapo pakatangazwa kuwa urithi wa dunia. Aidha, muwa tunaoutafuna ulianza kukuzwa na binadamu katika kisiwa hicho. Sukari tuliyotia katika chai yetu usiku ule wa kicheko ina asili yake mikononi mwa mababu wa wale tuliowacheka.

Mtu atauliza: ikiwa wana maarifa hayo yote, mbona wanateseka? Jawabu ni kwamba maarifa ya mkulima yana kikomo pale anapoachwa peke yake. Kiazi kitamu hakihifadhiki kwa muda mrefu kama mahindi au maharagwe. Ghala la mwanakijiji ni shamba lake, naye huchimba leo kile kitakacholiwa leo. Ukame unapokuja ukiandamana na jalidi katika vijiji vya juu, shamba na ghala huangamia kwa pamoja. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mwaka wa 1997, mamia ya watu walipopoteza maisha. Mwaka wa 2023 balaa lilirudi katika tarafa za Agandugume na Lambewi, wilayani Puncak, ambako watu sita waliripotiwa kufa. Msaada ulipopelekwa, ulishushwa katika tarafa ya Sinak kwa kuhofia usalama wa ndege, na wanakijiji wakalazimika kwenda kwa miguu kuufuata. Mtu mwenye njaa aliambiwa akifuate chakula ng'ambo ya milima!

Usafiri basi ndio kiini cha mambo mengi. Vijiji vingi havifikiwi na barabara. Hutegemea ndege ndogo zinazotua kwenye viwanja vya nyasi mteremkoni, ambavyo vingi vilisawazishwa na wanakijiji wenyewe kwa mikono. Kila kitu kinachoingia kwa ndege huongezeka bei. Rais Joko Widodo alipozindua sera ya bei moja ya mafuta wilayani Yahukimo mnamo Oktoba 2016, alieleza kuwa lita moja ya petroli iliuzwa katika sehemu hizo kwa rupia kati ya 50,000 na 100,000, ilhali katika kisiwa cha Java iliuzwa kwa rupia 6,450. Yaani maskini ndiye aliyelipa zaidi.

Kuhusu elimu na afya, malalamiko ya miaka mingi ya wakazi ni kwamba majengo yapo lakini watu hawamo. Mwalimu huajiriwa kufundisha kijijini akaishi mjini. Zahanati hujengwa ikakosa muuguzi wala dawa. Hata mwalimu akiwapo, mtoto anayejua lugha ya mama yake pekee hufunzwa kusoma kwa Kiindonesia tangu siku ya kwanza. Papua ya Indonesia ina lugha zaidi ya 250, na sisi tunaosomea lugha tunajua vyema maana ya mtoto kunyamazishwa darasani kwa kuwa lugha yake haikualikwa.

Watetezi wa hali hii husema kuwa milima ndiyo ya kulaumiwa. Hoja hiyo ningeikubali kama si mgodi wa Grasberg. Mgodi huo wa dhahabu na shaba, mmojawapo wa mikubwa zaidi ulimwenguni, uko katika milima iyo hiyo ya Papua, zaidi ya mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Kampuni ya Freeport ilipata mkataba wake wa kwanza nchini humo mwaka wa 1967. Tangu hapo milima imetobolewa, barabara ikapandishwa hadi mawinguni, na mabomba yenye urefu wa zaidi ya kilomita 100 yakatandazwa ili kuteremsha madini hadi bandarini. Milima ile ile iliyomshinda muuguzi haikumshinda mchimba dhahabu. Mlima haubagui, mwenye kubagua ni mwanadamu.

Sisemi kwamba serikali ya Indonesia haijafanya lolote. Sheria ya mamlaka maalumu ya mwaka wa 2001 ilielekeza fedha nyingi Papua, na mwaka wa 2022 ukaundwa mkoa mpya wa Papua Pegunungan wenye makao makuu mjini Wamena. Lakini takriban mtu mmoja kati ya watatu mkoani humo ni maskini, ilhali katika nchi nzima ni chini ya mmoja kati ya kumi. Vita navyo vimezidi kuharibu mambo. Wapiganaji wanaodai uhuru waliwaua wajenzi wa barabara huko Nduga mnamo Desemba 2018, jeshi likaanzisha operesheni, na maelfu ya wanavijiji wakakimbia makwao. Mwaka wa 2023 wapiganaji hao waliichoma ndege huko huko Nduga, wakamteka rubani wake, raia wa New Zealand, na kumshikilia hadi Septemba 2024. Bunduki ya kila upande imemfungia mama yule yule njia ya kwenda hospitali.

Nifanye nini basi mimi niliye Kenya? Kwanza, nisicheke. Waraka wa Bunge Nambari 10 wa mwaka wa 1965 ulielekeza fedha za maendeleo ya nchi yetu katika maeneo yenye ardhi nzuri na mvua ya kutosha, na kaskazini yetu ikaitwa "mbali" kwa miongo mingi. Tunaifahamu hesabu hiyo. Pili, tudai maendeleo yapimwe kwa kipimo kingine: si kwa kilomita za lami wala idadi ya mikoa, bali kwa mwalimu anayelala kijijini anakofundisha, kwa muuguzi mwenye dawa, kwa ghala la chakula lililojaa kabla ya jalidi kuanguka, na kwa wanakijiji kuulizwa wanataka nini kabla ya tingatinga kufika.

Yule mama wa pichani hayuko mbali. Yuko nyumbani kwake, na moto wake unawaka. Walio mbali ni wale wenye uwezo wa kumfikia ambao wameamua kutofika.