Ufa wa Hodhi na Jirani wa Chini



Juma lililopita, baada ya sala ya Alasiri, alipanda ngazi kuja kwetu bi mkubwa aishiye orofa ya chini ya nyumba yetu hapa Mji wa Kale, Mombasa. Hakukubali kuketi. Alisimama mlangoni na buibui lake, akasema, "Mwanangu shehe, usinione vibaya. Pale pembeni ninapotandika mswala panatona maji. Nataka kujua, ni tohara au si tohara?"

Tulimpa jawabu la kifiqhi, kwamba asili ya maji ni tohara mpaka ithibiti kuwa yameingiwa na najisi, na shaka peke yake haitoshi. Jawabu lilikuwa sahihi, na papo hapo lilitutia haya. Adabu ndiyo iliyomzuia bi mkubwa kusema wazi kwamba maji yale yanatoka kwetu. Tuliposhuka naye tulikuta ndoo pembeni, mswala umehamishiwa karibu na mlango, na darini doa la rangi ya chai, pana kama sinia. Boriti mbili zimeshaingia weusi.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu kabla ya Maulidi."

Mwaka jana tulikarabati bafu letu na kumtilia mama yetu mzazi hodhi la kuogea, kwa kuwa magoti yamsumbua na maji ya moto humpa nafuu. Fundi aliuziba mwanya baina ya hodhi na vigae vya ukutani kwa saruji nyeupe. Ulipendeza kwa majuma mawili, kisha ukatoka ufa mwembamba kama unywele. Tukapaka saruji nyingine juu yake kwa kidole, tukahesabu kazi imekwisha. Kosa la kwanza tutamwachia fundi; hilo la pili ni letu wenyewe.

Hebu tupime. Lita moja ya maji ina uzani wa kilo moja. Hodhi likitiwa lita 150, basi limebeba kilo 150 kabla mtu hajaingia. Hushuka kidogo, na likimwagwa hurudi juu. Saruji haijui kunyumbuka, basi hupasuka. Aliyekulia pwani amewaona mafundi wa majahazi wakitia kalafati: pamba iliyoloweshwa mafuta hugongomewa baina ya mbao, na hakuna awazaye kutia saruji pale, kwa sababu chombo hujipinda kikipigwa na wimbi. Hodhi nalo ni chombo, ila maji yake yako ndani.

Na nyumba zetu hizi za kale hazisamehe. Sakafu ya juu ni boriti za mikoko zilizopangwa, zikafunikwa mawe na chokaa. Boriti ikiwa kavu huishi kuliko mjenzi wake. Ikirowa kila siku isipate kukauka, huoza, na mchwa huja. Tena maji hayashuki wima; hufuata boriti na kutokea mbali, hata ukadhani ni mfereji wa jirani mwingine.

Kwa hiyo kabla ya kuziba tulitafuta chanzo. Tuliziba tundu la hodhi, tukalijaza, tukangoja saa nzima na kijana wetu yuko chini akitazama dari. Hapakutona. Tukalimwaga, tusikie kama bomba la kutolea maji ndilo lenye kuvuja. Kimya. Kisha tukamwagia maji ukutani, pale yanaporukia mtu akioga, na baada ya dakika chache kijana akaita kutoka chini. Ukiruka hatua hii waweza kuziba mwanya vizuri sana na dari ikaendelea kutona.

Dawa yake ni silikoni ya bafuni, ile yenye kuzuia ukungu. Tulikwangua saruji yote ya zamani, kwani silikoni mpya haishiki juu ya uchafu wala juu ya silikoni kuukuu. Tukafuta kwa spiriti, tukaacha usiku kucha pakauke. Asubuhi tukalijaza hodhi maji, na hili ndilo wengi hawalifanyi. Hodhi tupu likizibwa, mwanya utapanuka siku ya kwanza mtu aingiapo. Lililojaa limeshashuka kiasi chake. Penye mwanya mpana tulisindilia kwanza kamba ya sponji, kisha tukabandika utepe wa karatasi juu na chini, tukasukuma silikoni kwa mstari mmoja usiokatika, tukailainisha kwa kidole kilicholowa maji ya sabuni, na utepe tukaubandua kabla haijaganda. Maji tuliyaacha ndani ya hodhi mpaka kesho yake. Wenye kuta za marumaru waulizie dukani silikoni isiyonuka siki, kwani ile yenye harufu hiyo hula jiwe.

Mrija mmoja ulitosha, na jasho la asubuhi moja. Huko chini hesabu ni nyingine. Mwashi amegonga boriti zote mbili. Moja ni nzima, ya pili imeoza ndani na lazima ibadilishwe, na chokaa ya dari ipakwe upya. Bi mkubwa alifungua pindo la leso akitaka kuchangia, tukamwomba alifunge. Gharama ni yetu, na ya miezi ile aliyosali karibu na mlango hatujui tutailipa vipi.

Jana mswala umerudi pembeni pake. Ndoo ameiacha palepale, kavu. Asema ataiondoa mama yetu akishaoga mara tatu.