Barua ya Utambulisho Ikifika Kanada

Mtumishi wa umma aliyepata kukaa katika ofisi ya kijiji au ya mtaa anaifahamu vyema barua ya utambulisho. Huandikwa kwa anayefungua akaunti benki, kwa anayemwekea ndugu yake dhamana, na kwa anayeomba hati ya kusafiria. Kwa kuwa huandikwa kila siku, imekuwa karatasi nyepesi mkononi mwa mwandishi wake. Lakini iko siku barua hiyo husafiri mbali kuliko alivyodhania. Hutiwa katika jalada la Mtanzania ambaye mwenzake aliyeko Kanada anamdhamini ili akaishi huko, na wawili hao hawana cheti cha ndoa. Hapo ile sentensi ya kawaida, kwamba fulani na fulani wanafahamika mtaani kuwa ni mtu na mkewe, haiwi tena hisani ya ujirani. Inakuwa ushahidi.

Yafaa ieleweke kwanza kwamba Kanada haimtaki mtu wa namna hii awe na cheti. Kanuni za uhamiaji za mwaka 1978 zilimtambua mume, mke na hata mchumba, lakini mtu anayeishi na mwenzake kinyumba hakuwa na fungu lake. Ilimbidi aombe kuhurumiwa. Sheria mpya ya uhamiaji, iliyopitishwa mwaka 2001 na kuanza kutumika mwaka 2002, ilimwingiza mwenzi wa kinyumba katika jamii ya familia, na papo hapo ikamwondoa mchumba. Kwa wengi hilo ni jambo la ajabu: aliyetolewa mahari nusu na kungoja harusi hana mlango, bali aliyeishi na mwenzake bila harusi anao. Lakini mantiki yake iko wazi. Sheria iliacha kuuliza watu hao wamekusudia nini, ikauliza wameishi vipi.

Kipimo chake ni mwaka mmoja. Wawili hao sharti wawe wameishi pamoja, katika uhusiano ulio kama wa ndoa, kwa miezi 12 mfululizo. Wiki tatu za likizo ya mwaka huu haziunganishwi na mwezi mmoja wa mwaka ujao mpaka zitimie. Safari fupi za kikazi au za msibani hazivunji hesabu. Na mwaka ukishatimia, kutengana kwa muda kwa sababu ya kazi au masomo hakufuti uhusiano, mradi nia ya kuishi pamoja ingalipo.

Na uhusiano ulio kama wa ndoa ni upi? Mahakama moja ya jimbo la Ontario ilijaribu kulijibu swali hilo mwaka 1980, katika shauri la Molodowich na Penottino, na Mahakama Kuu kabisa ya Kanada ikayakubali majibu hayo mwaka 1999. Hutazamwa kama watu hao wanalala chini ya dari moja, wanasaidiana kazi za nyumbani, wanatembea pamoja mbele ya jamaa na majirani, wanashirikiana fedha, na wanawatendea watoto kama wazazi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotosha peke yake, wala kimoja kikikosekana si lazima shauri lianguke. Kwa maneno mengine, wakubwa wa sheria wa Kanada walifika mahali ambapo mzee yeyote wa mtaa angefika bila kusoma vitabu.

Ugumu unaanza katika kuthibitisha. Afisa wa uhamiaji haoni nyumba, anaona karatasi. Anatarajia mkataba wa pango wenye majina mawili, akaunti ya benki ya pamoja, bili ya umeme, bima iliyomtaja mwenzi. Sasa na atazamwe mtu na mwenzake waliopanga chumba Mbagala au Nyegezi. Mkataba, kama upo, una jina la mwanamume peke yake, na aghalabu ni maneno ya mdomo tu na mwenye nyumba. Umeme ni wa LUKU, na mita imeandikishwa kwa jina la mwenye nyumba. Fedha hupita katika simu, kila mtu na laini yake. Kama mwanamke amekaa kwa wakwe zake, hana hata risiti ya kodi ya chumba. Watu hawa wamekula chungu kimoja miaka sita, na mbele ya afisa yule hawana kitu.

Ndiyo maana neno la watu wengine hupata uzito mkubwa, na hapo ndipo mwalimu na mtendaji wanapoingia katika jambo ambalo hawakuliomba. Jambo moja halifahamiki vya kutosha. Karatasi yenye nguvu kuliko zote si ile iliyoandikwa kwa ajili ya safari, bali ile iliyoandikwa zamani, kabla ya mtu yeyote kuifikiria safari. Daftari la shule lililomwandikisha mtoto mwaka 2019 na kutaja wazazi wote wawili katika mtaa mmoja. Kadi ya kliniki yenye jina la baba. Muhtasari wa kikao cha wazazi. Fomu ya mtumishi iliyomtaja mwenzi kuwa mtu wa kuarifiwa akiugua. Hizo hazikuandikwa ili kumpendeza afisa wa Kanada, na kwa sababu hiyo huaminika. Mwalimu mkuu anayetunza madaftari yake vizuri anawasaidia watu hao kuliko anayeandika barua ndefu ya sifa.

Barua ya uongo, kwa upande wake, haisaidii bali huangamiza. Anayeonekana kutoa maelezo ya uongo katika jambo zito hufungiwa mlango wa Kanada kwa miaka 5. Mpaka mwaka 2014 adhabu hiyo ilikuwa miaka 2. Mtendaji aliyepokea elfu kumi akaandika kwamba anawafahamu watu asiowajua, ameuza miaka 5 ya maisha ya mtu mwingine kwa bei ya nauli.

Lakini si kila uongo hutokana na hila. Uko mmoja unaozaliwa na lugha yenyewe. Mwanamume anaomba ukaaji wa kudumu Kanada; fomu inamwuliza kama ana mwenzi; naye, kwa kuwa hajafunga ndoa, anajaza kwamba hana. Kwa Kiswahili cha nyumbani kwao amesema kweli: hajaoa. Kwa sheria ya Kanada amemficha mwenzi aliyeishi naye, pengine na mtoto pia. Miaka mitatu baadaye anataka kumdhamini, anaambiwa kwamba mtu ambaye hakutajwa wala kuchunguzwa wakati ule si wa familia yake. Mwaka 2019 Serikali ya Kanada ilianza mpango wa kuilegeza kanuni hiyo kwa baadhi ya watu. Kanuni yenyewe haikufutwa. Na Mtanzania hana sababu ya kushangaa kwamba kuishi kinyumba kuna jina katika sheria. Kifungu cha 160 cha Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema kwamba mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka 2 au zaidi, wakapata sifa ya kuwa mume na mke, huchukuliwa kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kifungu hicho aghalabu hukumbukwa nyumba ikishavunjika, mwanamke anapodai matunzo mahakamani.

Haifai, hata hivyo, kuisifu sheria ya Kanada kupita kiasi. Imeandikwa sawa kwa wote, ila mzigo wake si sawa. Inadai miezi 12 ya kuishi pamoja, na wakati huo huo Mtanzania anayeomba viza ya kwenda kumtembelea mwenzake hutakiwa kuthibitisha kwamba atarudi. Yule mwenzake ndiye huhesabiwa kuwa sababu ya kutorudi. Mwenye mshahara mnono na likizo ndefu anaweza kuhamia Arusha kwa mwaka mzima. Anayesafisha maofisi usiku Toronto hawezi. Tena kama yeye si raia bali ni mkazi wa kudumu tu, sharti awe anaishi Kanada ndipo amdhamini mtu. Liko fungu jingine kwa wapenzi waliozuiwa kabisa kuishi pamoja wala kuoana, lakini ni mlango mwembamba, na ukosefu wa nauli hauhesabiwi kuwa kizuizi.

Kwa wanaoweza, njia fupi ni ndoa. Taarifa hutolewa kwa msajili siku 21 kabla, na cheti hupatikana. Ila ndoa ya kutafuta karatasi tu haimdanganyi afisa, na wapo wasioweza: mmoja bado amefungwa na ndoa ya zamani iliyokufa bila talaka kutolewa. Huyo Kanada inaweza kumpokea kama mwenzi wa kinyumba, akithibitisha kwamba ndoa ile imekwisha na kwamba ameishi na huyu wa sasa mwaka mzima.

Akishapokewa, mdhamini hubaki na wajibu wa kumtunza kwa miaka 3, nao haufutwi kwa ugomvi wala kwa kuachana. Wanawake wengi hutishwa kwa maneno haya: ukiondoka nyumbani kwangu nitakurudisha kwenu. Kati ya mwaka 2012 na 2017 tishio hilo lilikuwa na mashiko, kwa maana wenzi wapya wasio na mtoto na wadhamini wao walipewa ukaaji wenye sharti la kuishi pamoja miaka 2. Sharti hilo liliondolewa mwaka 2017. Ni neno ambalo afisa maendeleo ya jamii angelisema kwa mwanamke kabla hajapanda ndege.

Mwandishi wa barua na aandike alichokiona: nyumba ipi, tangu mwezi upi, aliwajuaje, mara ya mwisho aliwaona lini. Atie tarehe, anwani na cheo chake, abaki na nakala. Asiyewafahamu na akatae, hata kama aliyemwomba ni binamu yake. Maana ombi lililofanywa kwa njia ya familia nje ya Kanada likikataliwa, mdhamini ana siku 30 za kukata rufaa, na baraza linalosikiliza rufaa hizo hupokea mashahidi hata kwa simu. Mtendaji aliyeandika kwamba anawafahamu watu hawa kwa miaka minne anaweza kupigiwa simu jioni moja, akaulizwa na mwanasheria wa serikali ya nchi nyingine nyumba yao inatazama upande gani.