Mafuta ya Shambani ni Ulinzi wa Taifa

Jeshi huenda kwa chakula na mafuta. Askari aliyeshiba aweza kupiga mwendo kwa miguu kutwa nzima, lakini lori lenye tangi tupu ni chuma tu. Kwa sababu hiyo suala la petroli si la wafanyabiashara peke yao. Ni suala la ulinzi, na sisi tuvaao sare hatuna budi kulifikiria.

Uganda haina bahari. Petroli na dizeli tunazotumia hutoka ng'ambo, nyingi zikishushwa Mombasa na kusafirishwa zaidi ya kilomita 1,000 mpaka Kampala. Mwanzoni mwa 2008, ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya zilipofunga barabara na reli ikang'olewa Kibera, pampu zetu zilikauka. Januari 2022 hapakuwa na ghasia yoyote. Madereva wa malori waligoma mpakani kupinga vipimo vya UVIKO na malipo yake, na katika baadhi ya sehemu lita moja ikauzwa shilingi 10,000. Hakuna adui aliyefyatua risasi, lakini nchi iliyumba.

Wako watakaosema kwamba tunayo mafuta yetu Bunyoro, yaliyogunduliwa mwaka 2006. Ni kweli, nasi twajivunia. Lakini mafuta ghafi hayaendeshi gari mpaka yasafishwe, na bomba la Hoima linaelekea Tanga, si kambini kwetu. Tena kisima huisha. Muwa uliokatwa huchipua upya.

Viwanda vya sukari vya Kakira, Lugazi na Kinyara, kila visagapo miwa, hubakiwa na molasi. Molasi ikichachushwa na kukenekwa hutoa spiriti, ndugu wa damu wa ile waragi ambayo polisi wetu huifuata vichakani. Spiriti hiyo ikiondolewa maji yote huchanganywa na petroli. Mchanganyiko wenye sehemu moja ya spiriti kwa sehemu tisa za petroli huendesha magari mengi ya petroli bila injini kubadilishwa.

Hii si ndoto. Brazil ilianza mpango wake mwaka 1975, baada ya bei ya mafuta kupanda karibu mara nne kati ya 1973 na 1974. Malawi, isiyo na bahari kama sisi, ilianza mwaka 1982 kuchanganya spiriti ya molasi kutoka Dwangwa, wakati ambapo vita vya Msumbiji vilihatarisha reli zake za kwenda pwani. Nasi tunayo sheria ya mafuta ya mimea tangu 2020. Sheria bila vitendo ni bunduki bila risasi.

Hata hivyo tusidanganyane. Lita ya spiriti ina nguvu pungufu kuliko lita ya petroli, kwa kadiri ya theluthi moja. Huvuta maji, hivyo yataka matangi yaliyofungwa vema. Haifai kumiminwa katika lori la dizeli. Lori lahitaji mafuta ya mbegu yaliyotengenezwa kwa namna yake, nayo hayavumilii kukaa ghalani muda mrefu. Kwa hiyo akiba ya vita na ibaki dizeli safi. Pikipiki za polisi na magari madogo ya ofisini ndiyo yatangulie.

Jambo zito zaidi ni ardhi. Huko Kisarawe na Kilwa, Tanzania, makampuni ya kigeni yalichukua ardhi ya vijiji katika miaka ya 2000 ili kupanda mbono. Makampuni yakafilisika, wanakijiji wakabaki bila ardhi na bila kazi. Hapa kwetu, siku mkulima atakapoondolewa shambani kwa ajili ya mafuta, anayetumwa kusimamia ni askari, naye ni mtoto wa mkulima yule yule. Ndiyo maana twasema: tuanze na molasi iliyokwisha kuwapo, na shamba la ndizi au muhogo lisiguswe.

Ndugu maofisa na askari, serikali ina kazi yake, nasi tuna yetu. Lita inayonyonywa kwa mpira usiku kutoka gari la doria ni hasara ile ile, iwe imetoka Mombasa au Kakira. Tuyalinde mafuta tuliyo nayo, ndipo tutakuwa na uso wa kudai yale ya shambani.